Mkate wa Mgonjwa

Kwa Mzee Tanuri mkate wa kwanza ulikuwa hauuzwi. Mtaa mzima ulilijua hilo. Asubuhi, trei ya kwanza ilipotoka motoni, mzee aliuokota mkate mmoja kwa mikono mitupu, maana vidole vyake vilishazoea moto mpaka vikawa kama magome ya mti, akaupasua katikati mbele ya wateja waliosimama foleni dirishani. Nusu alikula mwenyewe. Nusu alimpa binti yake, naye aliila palepale amesimama, macho ya watu wote yakiwa mdomoni mwake. Akishameza, mzee alisema, "Haya, leteni mifuko," na biashara ikaanza.

"Mwoka mikate asiyekula mkate wake," alizoea kusema, "mkimbieni kama mwenye ndui."

Nusu ile zamani ilikuwa ya mkewe. Mke alipofariki, binti alisogea mbele akasimama mahali pa mama yake. Hakuna aliyemwambia, na hakuna aliyemkataza.

Jina la binti huyo mtaani lilikuwa Sindano. Alilibandikwa na fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, mwanamke mcheshi mwenye mdomo usio na kufuli. "Msichana huyu nikimtia uzi naweza kushonea," alisema siku moja, watu wakacheka, na jina likaganda. Ni baba yake tu ambaye hakulitumia. Yeye alimwita "mama", kama baba wengi wanavyowaita binti zao wanapowapenda na hawajui kusema.

Watu walishangaa. Mtu analala nyuma ya tanuri, anashinda katika unga, anakula mkate wa moto kila siku ya Mungu, mbona hashiki mwili? Wengine walisema ana mawazo. Wengine walisema ana kijicho, chakula chake kinaliwa na roho yake mwenyewe.

Hawakujua kilichokuwa kikiendelea chini ya aproni. Mkate ukishashuka, Sindano hakukawia kukiona cha mtema kuni. Tumbo lilijaa upepo likawa gumu kama ngoma, mpaka akalegeza mkanda wa aproni. Kisha likaanza kunguruma, halafu kusokota, kama mtu anayekamua nguo nzito ya mvua. Hapo alitupa kila kitu akakimbilia uani, chooni. Aliporudi alikuwa amelowa jasho, na meza ya kukandia ikimngoja. Hata siku ambazo tumbo lilinyamaza, uchovu haukunyamaza. Alichana nywele zikabaki kwenye kitana. Mdomoni kidonda kimoja kilipona kikazaliwa kingine.

Alijaribu kujitibu, kama kila mtu. Aliacha maharage. Aliacha pilipili. Akaacha maziwa, akaacha machungwa, akaacha hata chai ya tangawizi aliyoipenda. Lakini kila alipoacha kitu alibaki na njaa, na njaa ikimbana alikula nini? Alikula mkate. Kila kitu mezani kilishtakiwa, mkate haukushtakiwa. Nani angeushtaki? Mkate ndicho chakula cha mgonjwa. Hata hospitali wanakupa mkate.

Dukani mikate iliuzwa na shangazi yake, dada wa Mzee Tanuri, mjane aliyekuwa na chumba chake mtaa wa pili. Alikuja asubuhi na mapema, akaketi kwenye kigoda chake dirishani, na hakuna kilichompita.

"Wewe mtoto," alimwambia Sindano siku moja alipomwona anarudi kutoka uani akijishika ukuta, "niambie ukweli mimi shangazi yako. Una mimba?"

"Mimba ya nani, shangazi? Ya gunia la unga?"

"Usinichekeshe. Magunia haya yameona mengi."

"Basi likijifungua nitakuita uje kupokea."

Wakacheka. Lakini shangazi alipogeuka kuhudumia mteja, Sindano aliinama akashika meza kwa mikono miwili, akasubiri wimbi lipite.

Alimeza dawa za minyoo. Alimeza dawa ya maji nyeupe yenye ladha ya chaki, ile ya vidonda vya tumbo, ambayo mwenye duka la dawa aliapa kwamba imemponya hata mama mkwe wake. Tumbo halikushtuka. Na kitu kilichomkosesha raha zaidi kuliko maumivu yenyewe ni kwamba maumivu hayo alikuwa anayajua. Alishayaona kwa mtu mwingine.

Mama yake alikuwa mwanamke mpana, mwenye kicheko kilichosikika mpaka kwa fundi cherehani. Sindano alikuwa bado anasoma wakati mama alipoanza kupungua. Alikula, kisha akajikunja. Watu walisema ni vidonda, wakasema ni moyo, wakasema ni huzuni. Zahanati ilimpa vidonge vya rangi hii na rangi ile. Akaendelea kuyeyuka kama mshumaa kwenye upepo. Mwishoni Mzee Tanuri hakumwamini mtu yeyote kumpikia. Aliuchukua mkate wa kwanza, akatoa gamba, akabakiza ule moyo mweupe wa ndani, akauloweka katika chai yenye sukari, akauponda kwa kijiko mpaka ukawa laini kama uji. Aliuita mkate wa mgonjwa. Alikaa kitandani na kumlisha mkewe mwenyewe, kijiko kwa kijiko, kila asubuhi na kila jioni, mpaka siku mama alipofumba macho.

Mtaa ulimsifu sana kwa hilo. Mpaka leo wanawake wakigombana na waume zao husema, "Wewe ungenilisha kwa mkono kama Mzee Tanuri? Thubutu!" Na mzee akisikia, huinamisha kichwa, na unaona kabisa kwamba neno hilo limemwingia na kumpa joto.

Ndiyo maana Sindano alificha. Hakutaka baba yake aione sinema ileile mara ya pili.

Lakini tumbo si la kuficha. Asubuhi moja alikula nusu yake mbele ya watu, akatabasamu, akarudi ndani taratibu kama bibi harusi, na nyuma ya magunia akatapika mpaka akakaa chini. Shangazi alikuwa amemfuata kuchukua chenji. Alimtazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Haya," alisema. "Vaa viatu."

Daktari wa tumbo katika hospitali kubwa alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake ikining'inia kwa uzi kifuani. Hakuwa na haraka. Aliuliza Sindano anakula nini.

"Kawaida tu, daktari."

"Kawaida ya kwako ni ipi?"

"Asubuhi mkate. Mchana mkate na mboga, kazi haituachi kupika. Jioni wali. Wali ukikosekana, mkate."

"Na kazi yako?"

"Tunaoka mikate."

Daktari akaivaa miwani yake. Akamtazama vizuri, macho, kucha, ulimi. Akaagiza damu ichukuliwe. Siku nyingine wakamwita tena, wakamlaza ubavu, wakampitishia mpira mwembamba wenye kamera kooni mpaka ndani ya utumbo, wakanyofoa kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Sindano alitokwa na machozi kwa ule mpira. Shangazi, aliyekuwa amekaa nje, alisema baadaye kwamba yeye ndiye aliyesumbuka zaidi, maana alikuwa anameza mate kwa niaba ya watu wawili.

Majibu yalipotoka, daktari aliwaketisha wote wawili.

"Mwili wako unapigana na ngano," alisema.

"Ngano?"

"Ngano, na nduguye shayiri. Sikiliza. Ndani ya utumbo kuna vinyweleo vidogo, kama vya taulo. Hivyo ndivyo vinavyonyonya chakula. Ngano ikipita, mwili wako unadhani adui ameingia. Unapiga, na katika kupiga unajipiga wenyewe. Vinyweleo vyako vimelala, binti yangu. Taulo limechakaa limekuwa kama kitambaa cha kusugulia masufuria. Unakula, lakini chakula kinapita tu."

"Dawa yake?"

"Haina kidonge. Dawa yake ni kuiacha ngano, maisha yako yote. Si mkate tu. Hata vumbi lake likikuingia mdomoni. Ukiiacha kweli, vinyweleo vitaota upya. Wewe bado kijana."

Sindano alicheka. Alicheka kwa sauti mpaka daktari naye akatabasamu. Miaka yote alikuwa akifukuza kivuli, na leo kivuli kimepata jina, tena kinafukuzika! Alimshika shangazi mkono akaubana.

"Kwenu kuna mwingine mwenye shida kama hii?" daktari aliuliza, akiandika. "Hupita katika damu. Mama, baba, ndugu?"

Kicheko kikakatika. Sindano na shangazi hawakutazamana, ila kila mmoja alijua mwenziwe anawaza nini.

Sindano ndiye aliyesema. Alieleza habari za mama, kupungua kwake, kujikunja kwake, vile vidonge. Daktari aliacha kuandika. Akaivua miwani.

"Siwezi kumpima aliyekwisha zikwa," alisema. "Inawezekana. Zaidi ya hapo nitakuwa nabahatisha."

"Alipokuwa mgonjwa tulimpa mkate," Sindano alisema. "Mkate ndicho kitu pekee tulichompa."

"Hamkujua."

"Hatukujua," shangazi akadakia. "Hatukujua kabisa, daktari."

Njiani shangazi alimshika mkono wa juu kama askari aliyekamata mwizi. Walitembea kimya mpaka kwenye kona ya wauza viatu, ndipo akasimama.

"Kaka yangu asijue."

"Nitaachaje mkate bila kumwambia, shangazi? Nusu ile nitaipeleka wapi, mfukoni?"

"Sema una vidonda vya tumbo."

"Mficha maradhi, kifo—"

"Usinisomee methali, mimi nilizijua kabla mama yako hajakubeba! Nisikilize. Yule mtu amebakiwa na kitu kimoja tu duniani. Anajua kwamba mkewe alipougua, yeye alimhudumia mpaka mwisho. Akilala anakilalia, akiamka anakiamkia. Ukimpokonya hicho, utampa nini badala yake?"

Sindano akaanza kutembea tena. Na mtu asiye na jibu hufuata la mkubwa wake.

Walipofika, Mzee Tanuri alikuwa mlangoni, mikono ya unga imening'inia kama ya mtu aliyesimamishwa na polisi. Alikuwa amewaacha wateja dirishani.

"Wamesemaje, mama?"

"Vidonda vya tumbo, baba."

Mzee alishusha pumzi, mabega yakashuka. "Vidonda vinatibika. Vinatibika hivyo." Akageuka kwenda, kisha akarudi hatua. "Si kama ule wa mama yako?"

"Hapana, baba. Si kama wa mama."

Basi maisha yakawa ya kuigiza. Asubuhi alipokea nusu yake, akang'ata, akaweka tonge shavuni, akatabasamu kwa watu, akaenda uani kutema. Mchana alijidai hana njaa, akakimbia kwa shangazi kula viazi vya kuchemsha na wali. Mwanzoni alipata nafuu. Tumbo lilitulia, akalala usingizi ambao alikuwa ameusahau. Lakini nafuu hiyo haikwenda mbali. Ilifika mahali ikasimama, kisha ikaanza kurudi nyuma. Unga ulikuwa kila mahali. Ulikuwa kwenye kope zake, kwenye mto, kwenye kopo la sukari, kwenye mfuniko wa mtungi wa maji. Akipangusa kijiko, kitambaa chenyewe kina unga. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa akizikung'uta nguo zake zinatoa moshi mweupe.

Na kutema nako hakukudumu kuwa siri. Asubuhi moja fundi cherehani alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kikapu mkononi, na mdomo wake uleule.

"Sindano, siku hizi mbona unatafuna kama mbuzi mzee? Humezi! Mzee Tanuri, umetia nini humo leo, raba?"

Watu wakacheka. Sindano akacheka nao, tonge likiwa shavuni. Mzee hakucheka. Alimtazama binti yake kwa muda, kisha akasema, "Leteni mifuko," kwa sauti ndogo.

Tangu siku ile alimfuata kwa macho. Akaona mifupa ya mabega. Akaona nywele kwenye kitana. Hakufikiri kwamba binti anaukataa mkate, hilo halikumjia hata kidogo. Alifikiri jambo alilolifahamu: hamu ya kula imeondoka. Alikuwa ameshaona hamu ya kula inavyoondoka kwa mtu, na kile kinachofuata.

Mchana mmoja Sindano alishindwa kusimama. Alilala chumbani kwake, nyuma ya ukuta wa tanuri, tumbo likimsokota kwa kitu ambacho hata hakukila. Mlango ukafunguliwa. Baba yake aliingia bila aproni, uso umeoshwa, nywele zimelainishwa kwa maji, kama mtu anayekwenda kuposa. Mkononi alikuwa na bakuli.

Hakuhitaji kuangalia ndani. Harufu ya chai ya sukari ilitangulia.

"Inuka kidogo, mama. Egemea ukuta."

"Baba, sina njaa."

"Najua. Chakula hiki hakihitaji njaa, kinateremka chenyewe." Akaketi ukingoni mwa kitanda, kitanda kikalia. Aliponda ponda kwa kijiko, akapuliza. "Haya. Nimekutolea magamba yote."

Kijiko kilikaribia mdomo. Sindano alimtazama mzee, mikunjo ya macho yenye mistari ya unga ambayo maji hayakuifikia, na matumaini yale usoni, ya mtu ambaye hajui njia nyingine ya kupigana. Akafungua mdomo. Akameza. Kilikuwa kitamu, asiseme uongo, kilikuwa kitamu mno.

Kijiko cha pili kikaja. Hapo akaona wazi jinsi mambo yatakavyokwenda. Akila hiki atakula na kinachofuata, atakula na cha kesho, na baba atakuwa anafurahi, na yeye atakuwa anaisha. Akafunga midomo, akageuza uso.

Mzee akatabasamu kwa upole.

"Mama yako naye alikuwa hivihivi. Anageuza uso kama mtoto. Lakini nilimbembeleza akala." Na akanyoosha mkono wake wa kushoto, taratibu, akamshika kidevu, akamrudisha uso.

Sindano alimshika kifundo cha mkono.

"Baba, acha."

"Kidogo tu, ma—"

"Ni mkate, baba. Mkate ndio unaoniumiza."

Mzee hakuelewa. Kijiko kilibaki hewani. "Mkate umefanyaje?"

Akamweleza. Alimweleza kama alivyoelezwa, habari za taulo, vinyweleo na adui, huku akimshika mkono ule asije akauondoa. Alisema alidanganya kuhusu vidonda. Alisema anatema uani kila asubuhi. Habari za mama hakuzitaja.

"Ngano yetu ni mbovu?" mzee aliuliza.

"Hapana, baba. Ngano ni nzima. Kibovu ni tumbo langu."

"Hata nikibadili unga? Nikichekecha mara mbili?"

"Hata ukichekecha mara mia."

Mzee akakirudisha kijiko bakulini. Akakoroga, ingawa hakukuwa na cha kukoroga. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole, lakini akishaanza hafiki nusu ya njia akarudi.

"Tumbo hilo umelitoa wapi?" alisema. "Mimi nakula mkate tangu sijaota meno. Hata mawe nasaga. Umelirithi kwa nani?"

Sindano alitafuta uongo, hata mdogo, hakuupata.

Mlangoni alikuwa amesimama shangazi, ameacha dirisha, kwa sababu amesikia sauti. Moyo wake mwema ukamponza.

"Kaka, daktari hakusema hivyo! Alisema inawezekana tu."

"Inawezekana nini?" mzee aliuliza.

Upande wa pili wa ukuta tanuri lilikuwa linapoa, matofali yakialika moja moja. Mzee aliliangalia bakuli.

"Alikuwa akigeuza uso," alisema.

"Kaka..."

"Nilimshika kidevu."

"Hukujua, kaka. Hakuna aliyejua. Zahanati nzima haikujua, wewe ungejua umesomea wapi?"

"Mwili wake ulijua. Ulikuwa unasema kila siku, uso huu na uso huu." Alionyesha kwa kichwa chake, kushoto, kulia. "Mimi ndiye niliyekuwa sisikii. Siku ile ya mwisho alimaliza bakuli zima. Nilitoka nje nikawatangazia watu, jamani leo amekula! Nilifurahi kama mjinga."

"Alikula kwa sababu ya mkono wako, baba," Sindano alisema. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka shingoni. "Hakula kwa sababu ya njaa. Alikupenda."

"Ndiyo," mzee alisema. "Ndilo ninalolisema."

Akainuka, akatoka na bakuli lake. Walimsikia anamwaga uani, anasuuza, anasuuza tena.

Unga uliokwisha tiwa hamira haungoji mwenye msiba. Mchana ule ule ulikuwa umeumuka mpaka unainua vitambaa, na mzee alikwenda akaukata, akaupanga kwenye trei, akaoka. Shangazi alikuwa anaogopa mikate itaungua. Haikuungua. Ilitoka mizuri, ya rangi ya asali, na wateja wa jioni waliisifu, na mzee akawashukuru mmoja mmoja kwa heshima yake ileile. Hakuna mteja aliyegundua kitu. Shangazi alisema baadaye kwamba kile ndicho kilichomtisha. Laiti mzee angelia, angemwelewa.

Asubuhi iliyofuata dirisha halikufunguliwa. Mzee alibisha hodi chumbani kwa binti yake.

"Utahama," alisema.

"Nihamie wapi, baba?"

"Kwa shangazi yako. Nimeshazungumza naye. Hapa hata ukuta ni ngano."

"Na nani atakanda? Wewe mgongo huo—"

"Mgongo ni wangu, niachie mwenyewe." Kisha akalainika. "Nitakuja kukuona. Nitaoga kwanza, nivae nguo zisizowahi kuingia humu. Sitakuletea kitu. Nitakuja mikono mitupu."

Nguo za Sindano hazikuwa nyingi. Shangazi alizifunga kwenye shuka, akalalamika njia nzima ya kutoka chumbani mpaka uani kwamba atapata wapi nafasi, chumba chenyewe ukikohoa unajigonga ukutani, na huku tayari alikuwa ameshakisugua kwa sabuni tangu alfajiri, mpaka nyuma ya kabati. Manufaa ya kukaa kule yangekuja. Mwili ungerudi, nywele zingeota, usingizi ungekuwa mzito tena. Daktari alisema hivyo, na daktari hakukosea. Lakini asubuhi ile hakuna aliyekuwa na hamu ya kuyawaza.

Kilichobaki kilikuwa godoro. Mzee alilibeba mwenyewe mgongoni, akakataa kusaidiwa, akalitundika juu ya ukuta mfupi wa uani, kwenye jua. Akachukua fimbo.

"Simama kule," alimwambia Sindano. "Upepo unakuja upande wako."

Akasogea.

"Kule zaidi. Jifunike mdomo."

Akajifunika kwa ncha ya kanga. Mzee akapiga. Vumbi jeupe likatoka kama moshi, likapaa juu ya ukuta, likaenda na upepo. Akapiga tena. Akageuza upande wa pili, akapiga pembe, akapiga mishono. Moshi ukawa mwembamba, ukawa kidogo, kisha fimbo ikawa inatua na hakuna kinachotoka isipokuwa sauti.

"Baba," Sindano aliita kutoka mbali. "Unga umeisha."

"Bado."

Shangazi alitaka kumwendea. Sindano alimshika mkono.

"Mwache, shangazi."

Mzee alipiga mpaka shati likamganda mgongoni. Akapumzika, kifua kikipanda na kushuka, akaliinamia godoro akaweka pua yake karibu kabisa na kitambaa, akanusa. Akatikisa kichwa. Akajipangusa uso kwa kiganja, akainua fimbo tena.